Kisanduku cha Zamani cha Gitaa

Wanafunzi kadhaa wa kikundi chetu cha muziki wameniuliza kama yafaa kuendelea na kile kisanduku cha zamani cha kubadili sauti ya gitaa, au kukitupa na kuchanga fedha tununue kipya. Kwa kuwa fedha hiyo itatoka mifukoni mwa wazazi, nimeona heri nijibu hapa mbele ya wote.

Kwanza yatupasa kujua kazi ya chombo hicho. Nyuzi za gitaa la umeme hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana, nao hupelekwa kwenye amplifaya. Sauti itokayo hivyo ni kavu. Hapo kale mtu aliyetaka mwangwi, au mkwaruzo, au sauti kama ya magitaa mawili, alinunua kisanduku kimoja kwa kila kazi, akaviunganisha kwa nyaya. Katika miaka ya 1980 wahandisi walizitia kazi hizo katika chombo kimoja. Boss ME-5 ya mwaka 1988 ni mfano mmoja. Mwaka 1996 ikaja Zoom 505, yenye vikanyagio viwili tu, ambayo betri moja ya volti 9 yaweza kuiendesha.

Vyombo hivi hugeuza sauti kuwa tarakimu, mara maelfu kwa sekunde, huzifanyia hesabu, kisha huzirudisha kuwa sauti. Hapo ndipo ilipo tofauti. Mwangwi wa kurudia ni hesabu nyepesi: sauti huwekwa, ikatolewa tena baada ya kitambo. Kwa hiyo mwangwi wa vyombo vya zamani wapendeza hata leo. Lakini kuiga mkwaruzo wa amplifaya ya valvu pamoja na spika yake ni hesabu nzito, na vya zamani havikuwa na nguvu hiyo. Sauti yao huwa nyembamba, kama nyuki ndani ya kopo. Vya kisasa, kama Line 6 Helix iliyotoka mwaka 2015, huiga amplifaya na spika vizuri hata mtu aweza kupiga bila amplifaya, akitumia spika za ukumbini tu.

Basi, mwenye chombo cha zamani na afuate mambo haya:

Kwanza, azime kazi zote, kisha awashe moja moja. Sauti nyingi zilizopangwa kiwandani zimejazwa mwangwi. Hupendeza mtu akiwa peke yake, lakini ngoma zikianza gitaa halisikiki.

Pili, akiwa na amplifaya, azime uigaji wa spika, kwani spika mbili, moja ya kweli na moja ya kuigwa, hufifisha sauti.

Tatu, vingi vya zamani hunyamaza kidogo wakati wa kubadili sauti. Abadili mwisho wa ubeti, si katikati.

Nne, asome maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka. Vyombo vingine hutaka umeme wa AC, vingine wa DC, ingawa vyote huandikwa volti 9. Mimi nilitazama volti tu, nikaunguza chombo nilichoazima kwa binamu yangu. Nilikilipa kwa miezi minne, naye hajaniazima kitu tena.

Tano, vingi vya miaka ya 1980 vina betri ndogo ndani inayotunza kumbukumbu. Ikifa, sauti zote ulizopanga hupotea. Ziandike katika daftari.

Jibu langu ni hili: tusikitupe. Amplifaya tunayo, na kwa nyimbo zetu chombo hiki chatosha. Siku tutakapoalikwa mahali pasipo na amplifaya, ndipo hoja ya kununua kipya itakuwa na uzito. Kwa sasa, kila mpiga gitaa na ajipatie sauti tatu safi kutoka katika hiki tulicho nacho, aziandike, kisha aje tusikilize pamoja.