Vitisho Juu ya Shule na Wasiwasi wa Wazazi

Mji wa Springfield, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, una watu wapatao 60,000 na jamii kubwa ya wahamiaji wa Haiti, ambao wengi wao walikwenda huko kwa ruhusa halali ya muda wakifuata kazi za viwandani. Na pengine sisi tulio mbali tusingalipata kulisikia jina lake kama si uzushi uliozagaa mwezi wa Septemba 2024, ya kwamba Wahaiti hao huwaiba paka na mbwa wa majirani zao wakawala. Polisi wa mji walisema hawakupokea habari yoyote ya kuaminika juu ya jambo hilo. Hata hivyo tarehe 10 ya mwezi huo uzushi ulitoka kinywani mwa Donald Trump, katika mjadala wake na Kamala Harris uliotazamwa na mamilioni ya watu, na siku mbili baadaye vitisho vya mabomu vikaanza kumiminika juu ya ofisi za mji na juu ya shule za watoto wadogo.

Watoto wa shule ya msingi ya Fulton walitolewa madarasani wakahamishwa. Kesho yake wakatolewa wale wa Perrin Woods na wa Snowhill, na shule ya Roosevelt ikafungwa kabla masomo ya siku hiyo hayajaanza. Ilipofika tarehe 16, gavana wa jimbo, Mike DeWine, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Springfield, alitangaza kwamba vitisho vilivyohesabiwa vilikuwa 33 kwa uchache, kwamba kila kimoja kilichunguzwa kikaonekana kuwa ni uongo, na kwamba baadhi yake vilitoka ng'ambo, vingine katika nchi moja mahususi ambayo hakuitaja. Akapeleka askari 36 wa jimbo wakakague majengo ya shule kila alfajiri kabla ya mtoto wa kwanza kuingia. Vyuo vya mji vikahamishia masomo mtandaoni, na tamasha la kila mwaka la kusherehekea mila za watu mbalimbali likafutwa.

Mtu aliyeketi mbali na mambo hayo ni mwepesi wa kusema kwamba, maadamu hapakuwa na bomu hata moja, hapakuwa na madhara. Sioni kauli iliyo mbali zaidi na insafu kuliko hiyo. Kitisho hakihitaji baruti ili kitimize kazi yake, kwa kuwa kazi yake imekwisha timia pale mama anaposimama mlangoni asubuhi, mkoba wa mwanawe mkononi, akipima katika nafsi yake mambo mawili yasiyopimika kwa mizani moja: kwa upande mmoja siku ya masomo iliyo yakini kupotea, na kwa upande wa pili msiba ambao yamkini hautakuwako kamwe, illa ukiwako haurekebiki. Amweke mtoto nyumbani, ataambiwa amewapa ushindi wafitini. Ampeleke, atakaa kazini na simu mkononi mpaka saa za kutoka shule. Katika hukumu hizo mbili hakuna iliyo ya kipumbavu. Na kwa Wahaiti wa Springfield adha ilizidi, kwani wao walijua kwamba kitisho kilikuwa na jina lao ndani yake, na baadhi ya majirani waliokuwa wakiteseka pamoja nao waliwatazama kana kwamba wao ndio walioleta balaa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mji huo ulikuwa tayari na jeraha. Mwezi wa Agosti 2023, siku ya kwanza ya mwaka wa shule, basi la wanafunzi liligongwa na gari lililoendeshwa na mhamiaji wa Haiti, na mtoto wa miaka 11 akafa. Baba wa mtoto huyo alisimama hadharani mwaka uliofuata akawasihi wanasiasa waache kulitumia jina la mwanawe kuchochea chuki. Nimesoma hotuba nyingi za wakubwa juu ya usalama wa shule, wala sikumbuki hata moja iliyokuwa na uzito wa maneno ya baba yule.

Ni nani hao watumao vitisho? Watu hupenda kumdhania mtu mmoja mwenye sura ya kutisha, ilhali ukweli umetawanyika. Aghalabu ni watoto. Baada ya mauaji katika shule ya sekondari ya Apalachee, jimbo la Georgia, tarehe 4 Septemba 2024, ambamo wanafunzi 2 na walimu 2 walipoteza maisha, vitisho vya kuiga vilizuka katika majimbo mengi kwa wakati mmoja, na wengi wa waliokamatwa walikuwa wanafunzi waliosema walifanya mzaha tu. Katika wilaya ya Volusia, jimbo la Florida, mkuu wa polisi Mike Chitwood alichoka na mizaha hiyo hata akatangaza kwamba atawatoa hadharani watoto hao pamoja na wazazi wao, naye akatimiza ahadi kwa kuonyesha picha za mvulana wa miaka 11 akipelekwa mahabusu na pingu mikononi. Wazazi wengine walimshangilia. Mimi nakiri kwamba nafahamu hasira yake, lakini siwezi kuisifu hukumu inayomtangulia hakimu, ikamwachia mtoto fedheha ambayo mtandao hautaisahau hata akiwa mzee.

Wengine ni vijana walioifanya kadhia hii kuwa biashara. Mmoja, mkazi wa California, alikiri mahakamani mwezi wa Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 18, kwamba katika muda usiotimia miaka miwili alipiga zaidi ya simu 375 za uongo juu ya mabomu na mauaji, akilenga watu binafsi, nyumba za ibada, vyuo na shule, na kwamba alikuwa akitangaza huduma hiyo mtandaoni kwa bei maalumu. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Muradi wa simu za namna hii ni kuwavuta polisi wenye bunduki waingie kwa kishindo mahali pasipo na jambo, na ndipo hatari ya kweli inapozaliwa, kwani askari aliyeambiwa kwamba ndani mna muuaji hufungua mlango akiwa na kidole kwenye kifyatulio. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2017, vituo na shule za Wayahudi katika Marekani vilitaabishwa kwa miezi na simu za mabomu, wazazi wakawatoa wana wao katika madarasa ya chekechea, watu wakadhani ni kazi ya makundi ya wenye chuki; aliyekamatwa alikuwa kijana Myahudi mwenye uraia wa Marekani na Israeli, aliyekuwa akipiga simu hizo kutoka nyumbani kwao Ashkelon, nchini Israeli.

Basi, ikiwa vitisho vingi hivi ni upepo, mbona wazazi wasitulie? Hawatulii kwa sababu wamekwisha kuona. Katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas, tarehe 24 Mei 2022, watoto 19 na walimu 2 waliuawa katika shule ya msingi ya Robb huku polisi waliojaa koridoni wakingoja muda wa dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji, na wazazi waliokuwa nje wakililia ruhusa ya kuingia wakazuiwa na askari walewale. Mzazi aliyeyasikia hayo, akiambiwa leo kwamba akae mbali na shule kwa kuwa wenye mamlaka wanalishughulikia jambo, hawezi kulazimishwa kuamini. Itibari ikivunjika katika mji mmoja huvunjika katika miji yote.

Lakini liko jambo ambalo khofu ya simu na barua hulificha, nalo ndilo ningependa msomaji alizingatie zaidi ya mengine. Mwaka 2002 idara ya serikali ya Marekani inayomlinda rais, Secret Service, pamoja na wizara ya elimu, ilitoa uchunguzi wa mashambulio 37 yaliyofanywa shuleni na wanafunzi au waliopata kuwa wanafunzi kati ya mwaka 1974 na 2000. Ilionekana kwamba walioshambulia hawakuwa na desturi ya kumtishia waliyemlenga. Waliofanya hivyo walikuwa 17 tu katika kila 100. Kinyume chake, katika mashambulio 81 kwa kila 100 alikuwako mtu mmoja angalau aliyeijua azma hiyo mapema, naye karibu kila mara alikuwa rafiki, au mwanafunzi mwenzake, au ndugu yake. Yaani anayepiga kelele mara nyingi hana bomu, na mwenye bunduki mara nyingi amekwisha kumnong'oneza rafiki yake.

Na mara nyingine dalili hufika mpaka mezani kwa watu wazima zikapita. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya msiba wa Apalachee, mwezi wa Mei 2023, polisi walikwenda nyumbani kwa mvulana ambaye baadaye alituhumiwa kwa mauaji yale, wakati huo akiwa na miaka 13, kumhoji juu ya vitisho vilivyoandikwa mtandaoni. Baba alisema zimo bunduki za kuwindia lakini mtoto hazigusi bila usimamizi, mtoto akakana, na jambo likaishia hapo. Katika shule ya Oxford, jimbo la Michigan, asubuhi ya tarehe 30 Novemba 2021, mwalimu alikuta juu ya karatasi ya hesabu ya mwanafunzi wa miaka 15 picha ya bastola na maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa. Walikuja, wakaongea na mshauri wa shule, wakakataa kuondoka na mwana wao, wala hawakumwambia mtu kwamba siku 4 tu nyuma baba alikuwa amenunua bastola kwa ajili yake. Naye mtoto akarudi darasani na mkoba ambao hakuna aliyeupekua. Wanafunzi 4 walikufa siku ile. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa vifungo vya miaka 10 hadi 15, wakawa wazazi wa kwanza katika Marekani kutiwa hatiani kwa namna hiyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa shuleni na mtoto wao.

Hukumu ile imeligeuza swali. Zamani mzazi aliuliza, je, shule yangu imelindwa? Sasa hana budi kuuliza pia, je, kabati langu limefungwa, na je, nayajua yaliyo moyoni mwa huyu anayekula nami meza moja?

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuyatazama haya kama hekaya za ughaibuni. Katika shule za bweni za Kenya vitisho huja kwa karatasi zilizodondoshwa usiku au kwa minong'ono ya bwenini, hasa katika muhula wa pili mitihani ya majaribio inapokaribia, na silaha si bunduki bali ni petroli na njiti ya kibiriti. Mwezi wa Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, wavulana 67 waliteketea katika bweni lililotiwa moto na wenzao, madirisha yakiwa na nondo na mlango mmoja umefungwa. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa katika muda wa miezi michache. Na huko pia, kama kule Marekani, wanafunzi aghalabu walikuwa na habari kabla ya walimu.

Kwa hiyo hekima ya siku hizi inaelekea kwenye kuwafungulia watoto njia ya kusema bila kuogopa kuitwa wambea. Baada ya mauaji katika shule ya Columbine mwaka 1999, jimbo la Colorado lilianzisha huduma iitwayo Safe2Tell, ambamo mwanafunzi au mzazi hupeleka habari pasipo kutaja jina lake, saa zote, usiku na mchana, na habari ile hufikishwa kwa shule na kwa polisi kwa pamoja, hata isiweze kulala katika droo ya mtu mmoja. Majimbo mengine yameiga. Zaidi ya vitisho, habari nyingi zinazopitia huko ni za watoto wanaotaka kujidhuru wenyewe, au wanaoonewa na wenzao. Na sidhani kwamba hizo ni habari za pembeni.

Limebaki jambo la wazazi wageni, nalo linawahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwani hadi mwaka 2024 wakimbizi wa Kongo walikuwa miongoni mwa waliopokewa kwa wingi zaidi Marekani, na wengi wao wamepeleka wana wao katika shule za Ohio, Kentucky, Texas na kwingineko. Ujumbe wa tahadhari hufika kwenye simu alfajiri, kwa Kiingereza, na mara nyingi anayeusoma na kuufasiri kwa baba na mama ni mtoto yuleyule aliyetishiwa, ambaye kwa huruma huupunguza makali, au kwa khofu huuzidisha. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zilihesabiwa, kwa mujibu wa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 kama serikali ilivyoifasiri hadi mwaka 2025, kuwa na wajibu wa kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa, na mzazi na aiombe huduma hiyo mapema, siku ya amani, si siku ya taharuki. Siku hiyohiyo ya amani aulize watoto watapelekwa mahali gani wakihamishwa, kwa maana aghalabu hawakabidhiwi mlangoni pa shule bali mahali palipoteuliwa. Ahakikishe namba yake ya simu iliyoandikwa ofisini ndiyo anayoitumia sasa. Na shangazi au jirani anayeweza kwenda badala yake aandikishwe jina. Katika kituo cha kukabidhi watoto, mtu ambaye jina lake halimo katika orodha, au asiye na kitambulisho chenye picha, hapewi mtoto, hata mtoto akimwona akamkimbilia.