Picha njema haimnenepeshi ng'ombe

Wapwani tunao msemo wa kumcheka mtu aliyenunua asichokiona: huambiwa ameuziwa mbuzi guniani. Zamani gunia lilikuwa gunia la kitani. Siku hizi gunia ni picha. Mnunuzi yuko Mombasa, anatafuta mbuzi wa Idi. Mfugaji yuko Ganze au Garsen. Na baina yao ipo simu ya mkononi. Picha hutumwa, bei hupatanwa, pesa hupita kwa simu, na mnyama anaposhuka garini ndipo ukweli wake unaposhuka naye. Ikiwa beberu aliyeonekana kama fahali ameshuka mbavu nje, hapo ugomvi huanza na ujamaa hukoma.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, si vibaya leo tukalitazama jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni namna ya kumpiga picha mnyama wa shambani, na namna ya kuitengeneza picha hiyo baada ya kupigwa. Jambo hili lina ufundi wake na lina historia yake. Juu ya hayo, lina haki yake.

CHUMBA CHA GIZA

Watu hudhani kamera ni jambo la Wazungu tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Katika karne ya 11, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Misri, aliichunguza nuru na kueleza jinsi inavyokwenda kwa mstari ulionyoka, ikapita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza, ikachora humo sura ya kitu kilicho nje. Kamera ya leo, hata ile ndogo iliyo nyuma ya simu, bado ni chumba cha giza chenye tundu. Nuru yenyewe haimpendelei mtu. Anayechagua ielekezwe wapi ni mwenye kuishika kamera, na hapo ndipo kazi inapoanza.

SHUKA CHINI

Kosa la kwanza la wengi ni kumpiga mnyama picha wakiwa wamesimama wima. Mbuzi akitazamwa kutoka juu huonekana kichwa kikubwa na miguu mifupi, mithili ya mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Piga goti, au kaa kitako kabisa, mpaka lenzi iwe sawa na bega lake. Wala usimsogelee mno, kwani lenzi ya simu hukikuza kilicho karibu, na pua ya ng'ombe ikawa kama mtungi. Rudi nyuma hatua kadhaa, umpe nafasi.

La pili ni jua. Saa sita mchana jua la utosini humtia mnyama kiza machoni na tumboni, likauunguza mgongo kwa weupe. Mtoe zizini asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi, jua linapokuja kwa ubavu. Hapo utaziona nywele za shingo, nundu, na umbo la mbavu kama lilivyo.

La tatu ni kile kilichoko nyuma yake. Mtazame huyo jirani yake kabla ya kumtazama yeye. Mnazi uliosimama nyuma ya kichwa utaonekana umeota katikati ya pembe. Kamba ya nguo itaonekana imemkata shingo. Hatua moja kuume au kushoto huondoa aibu yote hiyo, bila ya kuhitaji kompyuta wala fundi. Tena acha nafasi zaidi upande anaoelekea uso wake, ili asionekane kama anayegonga ukuta.

Lipo na jambo la rangi. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Ukimwelekezea ng'ombe mweupe wa huko Tana akaijaza picha nzima, humfanya kijivu kama aliyelala jivuni. Ukimwelekezea mbuzi mweusi, humpausha. Basi kwa mweupe ongeza mwanga kidogo, kwa mweusi upunguze, lakini kwa kiasi, usije ukazipoteza nywele zake.

Mwisho, vuta subira. Mwombe mchungaji apige mluzi au atikise gunzi la mahindi. Masikio yakisimama na jicho likifunguka, hapo ndipo bonyeza. Na ikiwa picha ni ya biashara, mnyama aonekane ubavu mzima, miguu yote minne, kwato zikiwa juu ya ardhi tupu. Nyasi ndefu hupendeza, lakini huficha kwato mbovu.

KUTENGENEZA SI KUGEUZA

Sasa tuje penye mzozo. Wapo wanaosema uongo wa picha umeletwa na kompyuta. Hao wamewasahau mafundi wetu wa studio, waliokuwa wakikuondolea kovu la shavuni kwa ncha ya brashi, na katika chumba cha giza wakiikinga nuru kwa kiganja ili upande mmoja usiwe mweusi mno. Uongo una umri mrefu kuliko kompyuta, na hata kuliko kamera.

Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, matajiri wafugaji walipenda kuchorewa ng'ombe na kondoo wao wakiwa wamenona kupita kiasi, miili kama mapipa juu ya vijiguu vyembamba. Thomas Bewick, mchongaji picha maarufu wa Newcastle, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyotakiwa aweke mafuta pale ambapo yeye hakuyaona, naye akakataa. Wachoraji wengine walikubali, wakalipwa.

Kamera ilipokuja, ilidhaniwa kuwa itaumaliza uongo huo. Na kweli, mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga huko California mfululizo wa picha za farasi akikimbia, zikaonyesha kwamba kwato zote nne huinuka zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, wala hazitanuki mbele na nyuma kama walivyozoea kuchora wachoraji. Hapo picha ililisahihisha jicho la binadamu.

Lakini haikuchukua muda picha nayo ikashitakiwa. Mwaka 1936, Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alikuwa South Dakota wakati wa ukame mkali. Alilikuta fuvu la maksai, akalipiga picha kadhaa, nyingine likiwa penye nyasi na nyingine penye ardhi kavu iliyopasuka. Mwenyewe alikiri kuwa alilisogeza kiasi cha futi 10. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wapinzani wa Rais Franklin Roosevelt wakavumisha kuwa picha za ukame za serikali ni za kupanga. Angalia hasara yake! Ukame ulikuwa wa kweli na dhiki ya wakulima ilikuwa ya kweli, lakini futi 10 zile ziliwapa wasiotaka kuamini sababu ya kutoamini.

Tena Februari 1982, jarida la National Geographic lilitoa jaladani picha ya wapanda ngamia mbele ya piramidi za Giza. Picha ilikuwa ya mlalo na jalada ni la wima. Basi piramidi zikasogezwa kwa kompyuta zikakaribiana. Ikiwa piramidi iliyosimama zaidi ya miaka 4,000 yaweza kusogezwa, sembuse mbavu za mbuzi?

MPAKA UKO WAPI

Maoni yangu ni haya. Mwanga ni wako, mnyama si wako. Kuinyosha picha iliyopinda, kukata kingo zisizo na maana, kukifungua kivuli kilichofunika uso, kuirudisha rangi kama macho yalivyoiona, yote hayo ni kumsaidia mtazamaji aone kilichokuwapo. Lakini kuujaza ubavu uliobonyea, kufuta jeraha, kuondoa kupe, kukikuza kiwele, au kuyageuza majani makavu kuwa kijani ili malisho yaonekane tele, huko si kutengeneza tena. Chuoni tulifunzwa kuwa muuzaji hutaja ila ya mnyama kabla ya kupokea pesa. Picha nayo ni kauli ya muuzaji.

Na mizani hiyo ipime pande zote mbili. Wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi mapema 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini, picha za mizoga zilienea duniani kote. Nyingi zilikuwa za haki. Lakini anayeukokota mzoga kuuweka pamoja na mwingine ili picha itishe zaidi, huyo anarudia futi 10 za Rothstein, na deni lake litalipwa na mfugaji wa Kilifi au wa Tana River msimu ujao, atakapolia akaambiwa anaigiza. Aliyepoteza ng'ombe wake amekwisha kupoteza mengi, na neno lake lisipotezwe juu yake. Mwombe ruhusa kwanza, umwamkie, ndipo utoe kamera.

Nami nawaachia vijana wenye simu mikononi ubeti huu:

Piga picha ya mnyama, kama alivyo shambani,
Mwanga upime kwa wema, kivuli kiwe pembeni,
Usimzidishe nyama, isiyokuwa mwilini,
Mbuzi aliyesimama, hafichiki guniani.