Aliyeacha unga ndiye mshauri bora? Si lazima

Swali limetoka Msata, pale njia panda ya kwenda Bagamoyo, nami nimeshaletewa mengi ya aina hiyo. Mama ana kijana anayekula unga, yaani heroini. Amesikia kuna nyumba ya upataji nafuu ambayo washauri wake ni mateja wa zamani. Ampeleke huko, au atafute msomi?

Imani iliyo nyuma ya swali hili si ngeni Pwani. Waganga wengi wa pepo walianza wakiwa wagonjwa, wakapungwa, ndipo wakapewa mkoba wa uganga. Hata Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya watu wanaojiumiza na kutaka kujiua, alisema hadharani mwaka 2011 kwamba naye alilazwa kwa hali hiyohiyo mwaka 1961, akiwa binti.

Ni kweli kwamba aliyewahi kugaragazwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, hadanganyiki kirahisi, na teja hamwonei haya. Lakini kuna upande ambao watu hawapendi kuusikia. Mwaka 2015 Rachel Ruttan na wenzake walichapisha utafiti uliowapa watu habari za mwanamume aliyekosa kazi, akashindwa kuvumilia, akaanza kuuza dawa za kulevya. Waliomhurumia kidogo zaidi ni wale waliowahi kukosa kazi wakajikwamua. Hata watu ambao hawajawahi kukosa kazi waliwazidi huruma.

Kwa nini? Kumbukumbu hutunza tukio, haitunzi ukali wake. Unakumbuka kwamba uliumwa, ila maumivu yenyewe huwezi kuyarudisha mwilini. Kilichobaki wazi ni kwamba ulishinda. Ukijumlisha hayo mawili, akili inatoa hukumu: jambo lile lilivumilika, basi huyu anadeka. Mshauri hajui hata kwamba anahukumu. Anadhani anatia moyo.

Hapo ndipo inapozaliwa kauli inayonikera kuliko zote: "Mimi niliacha kavukavu, methadone ni unga wa serikali." Si kweli. Methadone ni dawa anayopewa teja badala ya unga. Heroini hupanda haraka na kuisha ndani ya saa chache, na arosto inaanza upya. Methadone huingia polepole na kudumu zaidi ya siku nzima, mtu akaweza kufanya kazi. Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Anayeacha kavukavu kwa miezi kadhaa, mwili wake husahau kuuhimili unga. Akirudia kipimo chake cha zamani, ubongo unaacha kuamrisha pumzi. Anafia chooni, na mtaa unasema karogwa.

Basi mama, mshauri aliyepitia unga anafaa, ikiwa alifundishwa kazi na yuko mtu anayemsimamia, ambaye mshauri humpelekea kesi zinazomgusa yeye mwenyewe. Muulize kuhusu methadone. Sikiliza kama anamhoji kijana au anajisimulia mwenyewe. Ukiona minyororo, ondokeni. Wale wa matangazo kwenye nguzo za umeme, wanaosafisha damu kwa siku saba, ni wezi. Sina neno laini zaidi.

Kama ataanzishiwa methadone, pigeni hesabu ya nauli kabla. Mwanzoni dozi hunywewa kituoni kila siku, mbele ya mhudumu, na wapo wanaoiacha kwa kukosa nauli tu.