Hata Kama Hukumuua

Swali ni lile lile, hubadilisha ndege tu. Mwalimu wa Ipinda, huku Kyela, ana bundi aliyegongwa na bajaji usiku. Wa Kajunjumele ana mdiria aliyenasa kwenye wavu akafia majini. Wa Matema ameletewa furukombe aliyekutwa amekufa ufukweni, mwili mzima kabisa, hana hata jeraha. Wote humalizia kwa sentensi moja, kwa sauti ya mtu ambaye kesi amekwisha kuishinda: "Lakini sikumuua mimi, nimemkuta amekufa. Na ni kwa ajili ya wanafunzi." Halafu wanauliza wamdunge fomalini kiasi gani.

Fomalini tuiache kwanza. Nani amekuruhusu kukaa na ndege huyo?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haikuandikwa kwa ajili ya majangili wa tembo peke yao. Inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Inapoeleza nyara ni kitu gani, haiishii kwenye pembe na ngozi. Inamtaja mnyama akiwa hai au amekufa, kisha inashuka hadi kwenye mfupa, kucha, unyoya na yai. Mnyama aliyekutwa amekufa naye ameingizwa kwenye nyara za Serikali. Kwa hiyo "nimemkuta amekufa", maneno unayoyatoa kama utetezi, ndiyo hasa yanayomfanya ndege yule kuwa mali ya Serikali. Unajishtaki mwenyewe, tena bila kuulizwa.

Najua jibu linalofuata: "Hiyo si haki, kosa langu nini?" Kosa si kuua. Kuua ni shitaka jingine. Hapa kosa ni kuwa na nyara bila ruhusa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba unayo kihalali unao wewe mwenye nayo. Upande wa mashtaka hauna haja ya kukuonyesha ukiwa na manati mkononi. Tena kosa hili limo kwenye orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na thamani ya nyara, ambayo adhabu hupimwa kwayo, hukadiriwa na afisa wa wanyamapori. Wewe unaweza kumwona mdiria kuwa si kitu. Hutaulizwa.

Kwa nini sheria iwe ngumu hivyo? Kwa sababu mzoga hausemi ulikufaje. Mchukue mdiria wa Kajunjumele umlaze mezani. Kokoto la manati likimpiga kifuani, manyoya hurudi yakalala vizuri kama hakuna kilichotokea. Mpaka umchune ndipo utaona damu iliyovilia kwenye nyama ya kidari. Aliyekufa maji ndani ya wavu anaweza kuwa na alama nyembamba ya uzi shingoni, au asiwe nayo. Aliyekula chambo cha sumu kwa nje huonekana kama amelala. Mimi nikiwa na kisu, taa na muda wa kutosha naweza kukisia. Askari wa wanyamapori aliyesimama kwenye kizuizi barabarani hawezi, wala hakimu hawezi. Tungekubali neno "nimeokota" kwa mdiria, kesho lingekuja na meno ya tembo. Nani amewahi kukamatwa na nyara akakiri kwamba aliua? Wote huokota.

Na hiyo elimu? Elimu ni sababu nzuri ya kuomba kibali. Si kibali. Leseni ya udereva huipati kwa sababu una safari muhimu.

Kuna tiba ya kienyeji ya tatizo hili, nayo imesambaa kuliko ugonjwa wenyewe: barua ya mtendaji wa kijiji. Mtu anaandikiwa kwamba "mtajwa hapo juu ni mwalimu mwaminifu, ameokota ndege huyu kwa shughuli za kielimu", inagongwa muhuri wa zambarau, inabandikwa kwenye kabati. Mtendaji hana mamlaka ya kugawa nyara za Serikali. Mkuu wa shule hana, ofisi ya elimu ya wilaya haina. Barua hiyo inafanya kazi moja tu: inathibitisha kwa maandishi kwamba ulijua unachohitaji ni ruhusa, ukaenda kuiomba mlango usiokuwa wake.

Wengine huniambia kwamba Wazungu huokota wanachotaka. Nani kawaambia? Marekani wana sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na chini yake hata unyoya wa ndege wa kawaida ulioanguka mwenyewe bustanini hauchukuliwi bila kibali. Sababu yao ni hiyo hiyo: unyoya hausemi umetoka wapi. Kwa wa Kyela kuna la ziada, maana mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Furukombe na bundi wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ukimvusha Kasumulu kwenda kumwonyesha rafiki yako mwalimu wa Karonga, umetoka kwenye sheria ya nchi moja umeingia kwenye mkataba wa dunia.

Acha sheria kidogo. Ndege aliyekufa bila jeraha ndiye wa kuogopwa, wala si wa kushangiliwa eti "amekaa vizuri". Januari 2017 ndege wa porini walikufa kwenye mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, na vipimo vikaonyesha mafua ya ndege aina ya H5N8. Kwelea kwelea na ndege wanaowawinda wanaweza kuwa wamebeba fenthioni, sumu inayonyunyiziwa kwelea kwenye maeneo ya mpunga. Na wewe umewapa Kidato cha Pili wamchambue kwa mikono mitupu, saa nne, kabla ya uji.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wengi wa ndege hawa hawafundishi kitu. Nimefunguliwa makabati. Ndani nakuta tai aliyejazwa pamba mpaka kifua kimegeuka mto, macho yamezama, vidudu vya ngozi vimekwisha mla miguu, harufu ya fomalini inakutoa machozi, na karatasi imeandikwa TAI. Tai gani? Wa wapi? Lini? Nani alimleta? Kielelezo bila lebo ni pambo. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya ndege kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ziwa letu hili hili, mwishoni mwa karne ya 19. Vielelezo vyake vilikwenda Berlin, na mwaka 1900 Anton Reichenow akawatangaza kwa sayansi ndege kadhaa kwa jina la Fülleborn, akiwemo Macronyx fuelleborni mwenye koo la njano. Ngozi za namna hiyo zinasomwa mpaka leo kwa sababu kila moja ina mahali na tarehe. Za kabatini kwako hazitasomwa hata mwakani.

Sasa ufanye nini? Ukimkuta ndege amekufa, usimguse. Mpige picha ukiweka rula pembeni, andika mahali na tarehe, mpigie afisa wanyamapori wa wilaya. Wakiwa wengi wamekufa pamoja, afisa mifugo naye ajue siku hiyo hiyo. Kama shule inamhitaji kweli, andikeni maombi kabla ya kumpata: ndege gani, wangapi, kwa mada ipi, watatunzwa wapi, na nani atawajibika kwa jina. Yapitisheni halmashauri kwenda kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kutoa kibali kwa ajili ya elimu na makumbusho. Kwa utafiti, anzeni na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Anayetaka kuona kazi iliyofanywa na wajuzi aende Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye boma la zamani Arusha. Ni mbali, najua. Basi chukueni kuku. Kuku na bata wa kufugwa hawamo kwenye sheria hii, na mifupa ya kuku iliyochemshwa, ikasafishwa na kuunganishwa kwa gundi inafundisha bawa, kidari na mifupa yenye uwazi ndani kuliko tai yeyote wa pamba. Kwa ndege wa porini, darubini moja na asubuhi moja kwenye mdomo wa mto Mbaka: mnandi wanaanika mabawa, furukombe anapiga kelele juu ya mti, hakuna anayehitaji kibali.

Na wewe ambaye tayari unaye kabatini: usimchome usiku, usimzike nyuma ya choo, usimpe mwenzako wa shule ya jirani. Andika taarifa kabla hujaulizwa, eleza alivyofika, mkabidhi ofisi ya wanyamapori, na usiondoke pale bila nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.