"Refarii Ametuibia!"

Jumapili alasiri katika Kasenga, ukipita kando ya mto Luapula, utadhani samaki wamekwisha majini, maana hakuna anayewashughulikia. Mitumbwi imevutwa mchangani. Wanaume wamekaa chini ya mwembe wakiizunguka redio moja, na vijana wameinamia simu ya mwenzao, wakitazama picha ndogo zinazokatika-katika. Lubumbashi iko mbali, zaidi ya kilometa 200 za njia yenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Lakini siku Mazembe wanapopambana na Lupopo umbali huo ni kama haupo. Ghafla husikika kelele, kisha kimya, halafu yale maneno tunayoyajua sote: "Refarii ametuibia!"

Ajabu yake ni hii, ndugu msomaji: katika wale wote waliao chini ya mwembe, walio wengi hawakumwona refarii huyo. Wameisikia tu sauti ya mtangazaji. Hata hivyo watakueleza barabara refarii alisimama wapi, alitazama wapi, na hata alipewa fedha kiasi gani.

Sisemi kwamba malalamiko yote ni ya bure. Marefarii hukosea, na wazee wetu wanao ushahidi. Mwaka 1974 timu ya taifa letu, lililoitwa Zaire siku zile, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Miezi mitatu kabla ya hapo, mjini Cairo, ilikuwa imelitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuwashinda Wazambia, jirani zetu wa ng'ambo ya Luapula. Mechi ya kwanza ilikuwa sare, 2-2. Ya marudio Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyemfikia.

Basi tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen katika Ujerumani, Zaire ilikutana na Yugoslavia. Mabao yakaanza kumiminika. Wachezaji wetu wakamzunguka refarii, Omar Delgado wa Colombia, wakimlalamikia, na katika msukosuko ule mmoja wao akampiga teke kwa nyuma. Refarii akageuka, akamtoa Ndaye nje. Nusu saa ya kwanza ilikuwa haijaisha. Ndaye alikana, lakini nani angemsikiliza? Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, mlinzi wa Mazembe hii hii yetu. Yeye akabaki uwanjani akicheza, na mwenzake asiye na hatia akaenda zake. Mchezo ulikwisha 9-0.

Tuseme nini hapo? Refarii alikosa, na hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi nimesikia habari hii ikisimuliwa kwa uchungu mwingi, na msimulizi huliruka lile teke kama mtu arukaye dimbwi la maji. Mguu uliompiga refarii ulikuwa wetu. (Mwepu huyo ndiye aliyechomoka ukutani siku nne baadaye, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga adhabu yao. Ulimwengu ulicheka, wala haukujua wale vijana walikuwa katika taabu gani.)

Kumbukumbu ya mpenzi wa timu ni kama wavu uliotoboka. Makosa yaliyotuumiza hunaswa humo, na yale yaliyotufaa hupita na maji. Mwaka 1967 Mazembe, iliyokuwa ikiitwa Englebert, iliingia fainali ya klabu bingwa za Afrika pamoja na Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare Kumasi, 1-1, na tena Kinshasa, 2-2. Ikaamriwa mechi ya tatu ichezwe Cameroon. Kotoko hawakutokea, nasi tukapewa kombe. Tulilipokea kwa furaha, wala sijapata kumsikia mtu wa Katanga akilikosea usingizi. Mwaka 2010 tena, katika fainali, Mazembe waliwafunga Esperance ya Tunisia mabao 5-0 pale Lubumbashi, baada ya mchezaji mmoja wa wageni kutolewa nje katika kipindi cha kwanza. Watunisia walimnung'unikia sana refarii. Sisi tulisema, "Hawa hawajui kushindwa." Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Mazembe wakafika fainali ya klabu za dunia huko Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na habari za refarii zikazama katika ngoma.

Watu wengine walitumaini kwamba mashine zitamaliza ugomvi. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa refarii, alibuni kadi za manjano na nyekundu kwa kutazama taa za barabarani, na kadi hizo zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico, ili kila mtu aelewe hukumu hata kama hajui lugha ya refarii. Tangu 2018 sheria za mpira zinaruhusu refarii asaidiwe na picha za video. Ni msaada mkubwa. Lau zingalikuwapo Gelsenkirchen, Ndaye asingalitoka. Lakini je, kelele zimekwisha? Januari 2026, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Rabat, kati ya Morocco na Senegal, ilichezeshwa na Mkongo mwenzetu, Jean-Jacques Ndala. Dakika za mwisho alikwenda kutazama picha, akatoa penalti, na wachezaji wa Senegal wakaondoka uwanjani kwa hasira kabla ya kurudi tena. Siku ile chini ya miembe yetu palikuwa na jambo geni: watu walimtetea refarii! Ni kwa sababu alikuwa wa kwetu.

Mpaka hapa twaweza kucheka. Lakini tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, hapakuwa na la kuchekesha. Vita Club walikuwa wakicheza na Mazembe, na Mazembe walikuwa mbele kwa bao 1-0. Hasira ikapanda majukwaani, vitu vikaanza kurushwa, polisi wakafyatua moshi wa kutoa machozi. Watu wakakimbilia milango, wakakanyagana. Watu 15 walikufa. Waliaga nyumbani mchana kama mtu aendaye sokoni, wake zao wakapika chakula cha jioni. Sijui kama yupo hata mmoja leo anayeweza kusema ni hukumu gani ya mchezo ule iliyostahili bei hiyo.

Refarii wa Lubumbashi au wa Rabat hasikii matusi yetu ya Kasenga. Anayeyasikia ni yule wa kiwanja chetu wenyewe, mwalimu wa shule au kijana aliyeumia goti asiweze kucheza tena. Halipwi kitu. Hana picha za video, hana washika vibendera, na mstari wa pembeni umechorwa kwa majivu ambayo mbuzi wameyafuta kabla ya mapumziko. Ana macho mawili na filimbi, na pande zote wamesimama shemeji zake, wadeni wake na majirani atakaokutana nao kesho kisimani.

Mwezi uliopita, katika mchezo wa vijana, refarii wetu alitoa penalti. Baba mmoja, mtu wa heshima ambaye watoto wake humwamkia kwa kupiga magoti, aliingia uwanjani akamnyang'anya filimbi mbele ya watu wote. Penalti haikupigwa. Mwanawe, aliyekuwa golikipa, aliinamisha kichwa akachora-chora mchanga kwa kidole cha mguu.

Jumapili iliyofuata timu mbili zilikuja, watazamaji wakaja, mpira ukawekwa katikati. Refarii hakuja. Wakatafuta mtu mwingine. Huyu alisema ana homa, yule alisema ana wavu wa kushona. Saa nzima ikapita. Wale wanaume wote waliojua sheria vizuri kuliko marefarii wa dunia walitazama mtoni.

Mwishowe yule golikipa mwenyewe akavua jezi yake, akampa mwenzake, akaiokota filimbi. Ana miaka kumi na mitano. Dakika ya kumi tu, mlinzi wa timu yake aliushika mpira kwa mkono karibu na goli. Mvulana akapuliza filimbi, akaonyesha mahali pa penalti. Watu wote wakageuka kumtazama baba yake. Mzee alifumbua kinywa, akakifumba, akakaa chini juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Penalti iliingia.