Gharama Ilipogeuzwa Kipimo cha Ugonjwa

Hospitali nyingi za Marekani zina mpango wa huduma ya ziada kwa wenye maradhi sugu: muuguzi wa kuwafuatilia kwa karibu, miadi ya haraka, msaada wa kupanga dawa. Nafasi ni chache na wahitaji ni wengi, kwa hiyo kazi ya kuchagua imekabidhiwa modeli za kompyuta, ambazo humpa kila mgonjwa alama kulingana na hatari inayomkabili. Zana za aina hiyo hukadiriwa kutumika kwa watu wapatao milioni 200 kila mwaka.

Oktoba 2019, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake watatu, waliochunguza mojawapo ya modeli hizo katika hospitali kubwa. Waliwalinganisha wagonjwa weusi na wazungu waliopewa alama sawa. Kwa haki, afya zao nazo zingelingana. Hazikulingana hata kidogo: weusi walikuwa na shinikizo la damu la juu zaidi, kisukari kisichodhibitiwa vizuri na figo zilizodhoofika zaidi. Kwenye alama ya kumwingiza mtu moja kwa moja katika mpango, mweusi alikuwa na wastani wa maradhi sugu 4.8, mzungu 3.8.

Na modeli haikuwa imepewa rangi ya mtu yeyote.

Kasoro ilianzia kwa binadamu walioiuliza swali. Walitaka kujua nani atahitaji tiba zaidi. Ugonjwa ni mgumu kuutia katika namba moja, ilhali gharama za matibabu zimo tayari katika kumbukumbu za bima, zimehesabiwa hadi senti. Basi wakaifundisha modeli kubashiri gharama, wakichukulia kwamba atakayetumiwa fedha nyingi ndiye atakayeumwa zaidi. Modeli iliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Lakini fedha hutumika pale tu mtu anapofika hospitali, anaposikilizwa na kuandikiwa vipimo. Wagonjwa weusi wengi hukwama njiani: wengine hawana usafiri, wengine hawawezi kuacha kibarua, wengine hawawaamini madaktari. Kutoamini huko kuna historia. Katika utafiti wa Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa makusudi bila tiba. Kwa sababu ya vikwazo hivyo vyote, kwa maradhi yaleyale, mweusi alitumiwa wastani wa dola 1,800 pungufu kwa mwaka kuliko mzungu. Kompyuta ikalisoma pengo hilo kama afya njema.

Amazon nayo iliwahi kunaswa na mtego wa aina hiyo. Kuanzia 2014 wahandisi wake walitengeneza programu ya kuchuja maombi ya kazi, wakaifunza kwa wasifu uliopokelewa katika miaka kumi, mwingi ukiwa wa wanaume. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba programu hiyo ilikuwa ikishusha wasifu uliotaja vikundi vya wanawake, na hata wa waliosoma vyuo viwili vya wanawake pekee. Ilitakiwa itambue wenye uwezo. Ikajifunza mazoea ya waajiri. Kufikia ripoti hiyo, mradi ulikuwa umeshavunjwa.

Kufuta safu ya rangi au jinsia hakutoshi, maana alama zake hubaki katika jina la chuo, mtaa anaoishi mtu au fedha alizotumia. Obermeyer na wenzake waliigusa shabaha yenyewe, yaani kile modeli inachofundishwa kubashiri. Kwa kushirikiana na watengenezaji, walijaribu modeli inayobashiri afya pamoja na gharama, na upendeleo ukapungua kwa asilimia 84. Walikadiria pia kwamba, pengo likiondolewa, weusi wangekuwa asilimia 46.5 ya wanaoingizwa moja kwa moja katika mpango, badala ya 17.7.

Kwa hiyo hospitali, benki au mwajiri anayenunua modeli ana wajibu wa kudai majibu mawili kabla ya kulipa: inabashiri kitu gani hasa, na je, matokeo yake yamelinganishwa baina ya makundi ya watu kwa kipimo kingine tofauti na kile ilichofundishwa?