Asilimia 60 ya Watu Wangapi?

Mtu aambiwapo kwamba asilimia 60 ya vijana wanaona huu ni wakati mzuri wa kununua jokofu, swali la kwanza limpasalo kuuliza ni hili: asilimia 60 ya watu wangapi? Mwaka hadi mwaka nawaona wanafunzi wangu wa chuo, hata walio hodari wa hesabu, wakilisahau swali hilo mara tu kompyuta inapowatolea jedwali safi. Yafaa basi lianze kuulizwa mapema, katika shule za sekondari.

Tuchukue uchunguzi mmoja maarufu. Tangu mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimekuwa kikiwahoji wanunuzi wa nchi hiyo juu ya hali yao ya fedha na matazamio yao. Mwasisi wake alikuwa George Katona, mwanasaikolojia mzaliwa wa Hungaria, aliyeshikilia kwamba matumizi ya watu hayategemei mapato tu, bali na matumaini pia. Wahojiwa huulizwa, mathalani, kama wakati uliopo unafaa kununua vitu vikubwa vya nyumbani: samani, jokofu, jiko, televisheni. Majibu ya maswali matano huunganishwa kuwa nambari moja, yaani fahirisi, ambayo kiwango chake cha mwaka 1966 kimewekwa kuwa 100. Mwezi wa Juni 2022, bei zilipokuwa zikipanda kwa kasi, fahirisi hiyo ilishuka hadi 50.

Lakini nambari moja huficha mengi. Siku hizi yeyote mwenye intaneti aweza kuzifungua takwimu hizo na kuyagawa majibu kwa umri, kipato, elimu au eneo, na mgawanyo huo una faida yake. Baada ya uchaguzi wa rais wa Novemba 2024, matumaini ya wafuasi wa chama cha Republican yalipanda huku ya wafuasi wa Democratic yakishuka. Aliyetazama wastani wa nchi peke yake hakuuona msukosuko huo.

Hatari huja pale tunapozidi kugawa. Kwa miaka mingi wahojiwa walikuwa takriban 500 kila mwezi, wakipigiwa simu. Mwaka 2024 uchunguzi ulihamia kwenye intaneti. Ipo kanuni nyepesi ifaayo darasani: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa, nawe utapata makadirio ya kosa liwezalo kuwamo. (Wachambuzi wenyewe hutumia kanuni ndefu zaidi, lakini hii haipotoshi.) Kwa watu 500 kosa ni kama asilimia 4.5 juu au chini. Tuseme vijana kati yao ni 100: kosa ni 10. Sasa tuwachuje wenye shahada tu, tena wa eneo moja tu, wabaki 25: kosa limefika 20. Ile 60 yetu yaweza kuwa 40, yaweza kuwa 80. Hatujui hata kama walio wengi wamesema ndiyo. Mfanyabiashara aagizaye shehena ya majokofu kwa kutegemea nambari hiyo amecheza kamari. Nayo kompyuta haioni haya: itaandika 60.0 kwa watu 25 kama iandikavyo kwa watu 500.

Dawa mojawapo ni kuunganisha majibu ya miezi minne, ili wale 25 wawe kama 100 na kosa lipungue nusu. Gharama yake ni kwamba hatutayaona tena mabadiliko ya mwezi mmoja mmoja. Mimi naiona kuwa gharama ya haki.

Mwalimu asiye na kompyuta aweza kulionyesha jambo hili kwa sarafu. Kila mwanafunzi atupe sarafu yake mara 25, kisha aandike ubaoni asilimia ya vichwa alivyopata. Katika darasa la wanafunzi 40, wengine watapata 40 au chini yake, wengine 60 au zaidi, na bila shaka watabishana sarafu ya nani ni mbovu. Kisha wajumlishe mitupo yote 1,000, waone jibu linavyosogea karibu na 50.